Vidhibiti Pacha na Urithi wa Kazi katika Hifadhi za Kompyuta

Katika sarufi ya Kiswahili, uziada si upotevu wa maneno. Mtu asemaye "vitabu vyangu vile viwili vimepotea" ametaja wingi mara tano; kelele za soko katika komini ya Kenya mjini Lubumbashi zikimeza kiambishi kimoja, msikilizaji ataupata wingi huo katika kingine. Kiswahili cha Lubumbashi, kisemacho "bitabu yangu", kimepunguza akiba hiyo, ingawa hakikuifuta. Wahandisi wa kompyuta nao wana uziada wao. Makala haya yanakusudia kueleza aina yake moja, ile ya vidhibiti katika makabati ya kuhifadhia data, vyombo ambavyo benki, kampuni za migodi na vyuo huvitegemea.

Kabati la namna hiyo lina diski nyingi. Mwaka 1988 Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mpango uitwao RAID, ambao hutawanya data juu ya diski kadhaa hivi kwamba moja ikiharibika, yaliyokuwamo huundwa upya kutokana na zilizobaki. Lakini diski hizo hazisemi na seva moja kwa moja. Kati yake hukaa kidhibiti, yaani kompyuta ndogo ipokeayo maombi na kuamua kila kipande cha data kiandikwe wapi. Kidhibiti kikiwa kimoja tu, kisha kikafa, diski zote zaweza kuwa nzima na data isifikike, mithili ya sanduku zima lililovunjikiwa ufunguo. Ndiyo maana makabati ya kazi kubwa hupewa vidhibiti viwili, vyote vikiwa na njia ya kuzifikia diski zilezile.

Vidhibiti hivyo hupelekeana ishara kila mara, kama mapigo ya moyo. Tena kila kimoja humwekea mwenzake nakala ya data ambayo imekwisha kupokewa ila haijafika diskini. Hili ndilo jambo zito kuliko yote. Ili kuokoa muda, kidhibiti huijibu seva kwamba data imeandikwa, hali ingali katika kumbukumbu yake ya muda. Kikifa wakati huo bila mwenzake kuwa na nakala, ahadi iliyotolewa itakuwa imevunjika: malipo ambayo mteja ameambiwa yamepokewa hayataonekana mahali popote.

Kitendo cha kidhibiti kimoja kushika kazi ya kingine kingeweza kuitwa "kupokezana zamu". Istilahi hiyo haifai sana, kwani wapokezanao zamu wote wawili wako hai na wameagana. "Kurithi" ni neno sahihi zaidi. Aliyeondoka hakuaga, na mrithi hana budi kuwa na hakika ya kifo kabla ya kugusa mali. Mapigo yakikatika, huenda mwenzake amekufa. Huenda pia ni waya tu uliokatika baina yao. Vidhibiti viwili vilivyo hai, kila kimoja kikiamini ni mrithi, vitaandika juu ya diski zilezile bila kusikizana, na data itaharibika vibaya kuliko kama kabati lote lingezimika. Kwa sababu hiyo mifumo mingine humtaka mrithi amzime mwenzake kwanza. Mingine huweka shahidi wa tatu, na asiyekubaliwa naye hunyamaza.

Kuna pia hesabu ambayo wasimamizi hupenda kuisahau. Kila kidhibiti kikibeba asilimia 70 ya uwezo wake, atakayesalia atadaiwa asilimia 140. Isitoshe, kidhibiti kilichobaki peke yake mara nyingi huacha kujibu mapema, husubiri data ifike diskini, na hivyo kazi hupungua kasi.

Yafaa kusisitiza kwamba uziada hulinda tu dhidi ya hitilafu ya kile kilichofanywa viwili. Wakazi wa Katanga wanao mfano karibu. Njia ya umeme ya Inga–Kolwezi, iliyokamilika 1982 na yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ina nguzo mbili za umeme, na moja ikisimama nyingine yaweza kuendelea kupeleka sehemu ya umeme. Lakini zote mbili zaanzia Inga. Vidhibiti pacha navyo hukaa katika kabati moja, chini ya paa moja, na huendeshwa na programu moja yenye kasoro zilezile. Amri ya kufuta faili huitii vyote kwa uaminifu.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili si la mafundi pekee. Andiko la historia ya Elisabethville lililotungwa na André Yav mwaka 1965, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, halikuwa na kabati wala kidhibiti. Lilifikia wasomaji wa mbali kwa sababu nakala yake ilimfikia Johannes Fabian, aliyelichapisha 1990. Kalundi Mango alilisoma kwa sauti ili mipaka ya maneno ijulikane, naye W. Schicho akatoa maelezo ya lugha. Leo lasomeka kitabuni na katika intaneti. Kanda ya Kiswahili hichohicho, ikiwa na nakala moja tu katika kabati lenye vidhibiti viwili, iko hatarini kuliko andiko hilo.