Mpira wa Meza: wa Njozi na wa Jasho

Barabara itokayo Jinja, ikapita Iganga na Tirinyi hadi Mbale chini ya mlima Masaba, yafahamika vema kwa askari wengi wa Uganda. Katika safari moja ya kikazi niliipita barabara hiyo, na katika miji yote miwili nikaukuta mpira wa meza. Jinja niliukuta ndani ya televisheni. Mbale niliukuta juu ya mbao.

Mjini Jinja, katika chumba kimoja karibu na soko, vijana hulipa sarafu ili wacheze michezo ya video. Miongoni mwao walikuwamo askari wetu waliokuwa mapumzikoni. Mchezo wao ulikuwa na sehemu ya njozi: mpira ukipigwa huwaka moto, kibao hugeuka kikaango, na meza ya mpinzani husinyaa hata ikawa kama sinia. Koplo mmoja alinishinda mara tatu mfululizo bila kuinuka kitini. Vijana wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwani kushindwa na mdogo wako mchezoni si aibu.

ASILI YAKE

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kusikia kwamba michezo hii ina undugu na kazi ya ulinzi. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham, aliyekuwa miongoni mwa waliotengeneza mitambo ya elektroniki ya bomu la atomiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliichukua kompyuta iliyoweza kukokotoa njia ya kombora angani, akaifanya ionyeshe mpira ukiruka juu ya wavu. Mwaka 1966 Ralph Baer, aliyepata kuwa askari wa Marekani katika vita hivyo na sasa mhandisi wa kampuni iliyounda vyombo vya kijeshi, alibuni namna ya kucheza kwa televisheni ya nyumbani. Chombo chake, Odyssey, kilianza kuuzwa mwaka 1972, na mpira wa meza ulikuwa mmojawapo wa michezo yake. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ikatoa mchezo wake wa Pong, nao ukaenea upesi. Hivyo biashara hii kubwa ya leo iliinukia juu ya mpira wa meza.

Na mpira wenyewe wa mezani una heshima yake. Mwaka 1971, katika mashindano ya dunia mjini Nagoya, Japani, mchezaji wa Marekani Glenn Cowan alipanda basi la timu ya China. Zhuang Zedong, bingwa wa dunia mara tatu, akamsalimu na kumpa zawadi ya kitambaa cha hariri, ingawa wakati huo serikali zao hazikuwa zikisemezana. Siku chache baadaye timu ya Marekani ilialikwa Beijing, na Februari 1972 Rais Nixon naye akafika huko. Mpira usiofika gramu tatu ulisaidia kufungua mlango uliokuwa umefungwa kwa zaidi ya miaka ishirini.

JIONI MOJA MBALE

Koplo yule nilisafiri naye. Njiani alinieleza, kwa sauti ya chini, kwamba sehemu ya mshahara wake wa kila mwezi huishia katika chumba kile, na kwamba mkewe amekwisha kulalamika mara mbili. Sikumjibu neno. Askari akikuungamia jambo namna hiyo, amekwisha kujihukumu.

Jioni, Mbale, tulikaribishwa na wenzetu wa polisi. Ukumbini palikuwa na meza iliyochongwa na fundi wa mtaani, na wavu wake ulishonwa kwa chandarua kikuukuu. Koplo akashika kibao kwa majivuno, akapangiwa sajini mmoja wa kike, mama aliyevuka miaka arobaini. Mchezo wa kwanza sajini alishinda 11 kwa 2, na wa pili 11 kwa 1. Koplo alikuwa akihema, shati limelowa.

“Afande,” akaniambia, “mkono wangu unajua, lakini miguu haijui.”

Sajini akamjibu kwa upole: “Mwanangu, kule kwenye kioo adui hukungoja ukae vizuri. Hapa hangoji.”

Maneno hayo yanatuhusu sote tulio na sare. Sisemi michezo ya video ivunjwe. Humchangamsha mtu, huzoeza jicho, na ni bora kuliko kilabu cha pombe. Lakini humpa mtu ushindi ambao mwili wake haukuulipia, na katika kazi yetu ushindi wa namna hiyo ni deni la hatari. Atakayelidai hatakuwa sajini mwenye kucheka.

Dawa yake si ghali. Fundi seremala yeyote aweza kuchonga meza ya urefu wa sentimita 274, upana wa sentimita 152 na nusu, na kimo cha sentimita 76; wavu uinuke sentimita 15 na robo. Ipakwe rangi nzito isiyong’aa, na mistari myeupe pembezoni. Tangu mwaka 2001 mchezo huishia pointi 11 badala ya 21, hivyo hata askari anayengoja zamu apata nafasi yake.

Tulikaa Mbale siku tatu. Kila jioni koplo alirudi mezani bila kutumwa. Siku ya mwisho alishindwa tena, lakini kwa 11 kwa 7, na sajini akampa mkono. Mpira wa mwisho ulikuwa umeviringika hadi chini ya meza, na koplo mwenyewe ndiye aliyepiga magoti kuutafuta. Waliosimama pale wakasema kwa pamoja yale waliyofunzwa na wazee: mtaka cha mvunguni sharti ainame.