Kuwamba Kitambaa Mkolani

Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakuwa na haja ya kuwamba kitu. Alipaka rangi za mafuta za makopo juu ya vipande vya hadibodi, zikashika. Aliuawa mwaka 1972. Wafuasi wake baadaye walihamia kitambaa, ambacho mgeni hukikunja na kusafiri nacho. Hapo kazi ilibadilika, maana kitambaa hakipokei rangi bila kuandaliwa.

Pamba kavu hufyonza rangi, na mafuta yakizifikia nyuzi huzila polepole hadi zikatike. Kwa hiyo kitambaa huwambwa kwenye fremu ya mbao, kikivutwa kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Hupakwa gundi kwanza, kisha rangi nyeupe mara mbili au tatu, na kila tabaka likikauka hupitishwa msasa laini. Anayeiruka kazi hii anamuuzia mtu picha itakayobanduka ukutani kwake, na huko naona ni kumdhulumu.

Lakini kitambaa kilichowambwa vizuri bado hakifanyi picha kuwa ya mchoraji mwenyewe. Tembo na twiga wa Tingatinga nawapenda. Ila wamenakiliwa mno, na hapa Mkolani, jijini Mwanza, kati ya Nyegezi na Buhongwa, hawapo. Usukuma, ambako Mkolani ipo, una uchoraji wake wa zamani. Mwaka 1953 mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu kuhusu picha za ukutani za vyama vya waganga wa nyoka. Zilichorwa ndani ya nyumba, kwa ajili ya wanachama waliofundwa humo, si kwa ajili ya mnunuzi. Mchoraji wa Mkolani ana haki ya kurithi ujasiri ule: kuchorea watu wanaokijua kinachochorwa.

Na kinachojulikana hapa ni mawe. Itale la Mwanza si la kijivu tupu. Saa sita linakaribia weupe, lina madoa ya rangi ya kutu, na kivuli kati ya jiwe na jiwe kina zambarau. Weupe wa kitambaa hufunikwa kwanza kwa wekundu wa udongo, mwepesi, uachwe ukauke. Vivuli hutangulia. Mwanga huja mwisho, kwa rangi nzito, na wekundu wa chini huachiwa nafasi uonekane kwenye nyufa. Anayechota kijivu tupu kutoka kopo moja atapata ukuta wa saruji.