Nani Afundishwe Hesabu? Ushirika wa Nyeri na Elimu ya Kutunza Fedha

Mwaka 1993 Benki Kuu ya Kenya ilikihesabu kuwa muflisi chama cha mikopo ya nyumba kiitwacho Equity Building Society, kilichoasisiwa mwaka 1984 katika wilaya ya Murang'a, kwa kuwa zaidi ya nusu ya fedha kilizokopesha zilikuwa hazirejeshwi kwa wakati, na hasara iliyolimbikizana, yapata shilingi milioni 33, ilikuwa imekwisha kuumeza mtaji wake wa shilingi milioni 3. Kuokoka kwa chama hicho husimuliwa aghalabu kama kisa cha mtu mmoja, mhasibu James Mwangi, aliyeingia humo kusimamia fedha na baadaye akawa mkuu wake. Wala siipingi sifa hiyo, maana anaistahili. Ila yako mambo ambayo wasimulizi huyapita mbio, nayo ndiyo niyaonayo kuwa na faida kwetu: kwamba wafanyakazi waliokuwako katika hasara walifundishwa upya kazi ile ile waliyodhani wanaijua, yaani namna ya kumpima mkopaji, ya kufuatilia deni, na ya kumpokea mwenye akiba ndogo kwa heshima. Mwisho wa mwaka 2004 chama kikawa benki kamili, na mwaka 2006 hisa zake zikaingia katika soko la hisa la Nairobi.

Msomaji akitoka Murang'a akapanda kwa njia ya Sagana na Karatina hadi Nyeri, ataikuta elimu hiyo hiyo ya fedha, lakini yenye historia ndefu zaidi na machungu zaidi, kwa sababu hapa mali inayolindwa ni kahawa, na mwenye mali ni mkulima wa miti mia mbili au mia tatu. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 kuwafungulia Waafrika wengi mlango wa kilimo cha kahawa, vyama vya ushirika vilizuka Othaya, Tetu, Mathira na kwingineko, na mara ikadhihirika kwamba kupanda kahawa ni rahisi kuliko kuandika mapato yake. Mwaka 1967 nchi za Skandinavia zilianza kuisaidia Kenya katika ushirika, zikaleta wataalamu wa hesabu na mfumo mmoja wa vitabu kwa vyama vyote, na makarani wakapelekwa katika Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ushirika cha Kenya, kule Karen, kujifunza kuingiza, kutoa na kulinganisha.

Ilikuwa kazi njema, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: elimu ilimiminwa kwa karani na kwa afisa wa serikali, ilhali mjumbe wa kamati, aliyechaguliwa kwa ufasaha wa maneno yake au kwa wingi wa jamaa zake, alibaki akitia saini asichokisoma. Kwa miaka mingi kasoro hiyo haikuonekana, kwa kuwa Kamishna wa Ushirika alikuwa na madaraka makubwa juu ya matumizi ya vyama. Sheria ya mwaka 1997 ilipoyaondoa mengi ya madaraka hayo na kuwaachia wanachama mambo yao, ndipo ikajulikana kwamba hakuna aliyekuwa amewaandaa wanachama. Vyama vikubwa, Mathira na Tetu vikiwa miongoni mwao, vikapasuka vipande, kila kipande kikidai kiwanda na kukana deni. Na mwaka 2004 serikali ikalazimika kuirekebisha sheria ili irejeshe sehemu ya usimamizi wake.

Watu wengi hudhani kuwa udhibiti wa fedha ni kumtafuta mtu mwaminifu na kumkabidhi ufunguo. La hasha. Ni kupanga kazi hata asiwepo mtu mmoja anayeishika shilingi tangu inapoingia hadi inapotoka. Kiwandani, anayepima matunda asiwe ndiye anayeandika daftari kuu. Mkulima apewe risiti papo hapo mizanini. Aandikaye hundi asiwe mwenye kuitia saini. Na taarifa ya benki ilinganishwe na daftari kila mwezi na mtu wa tatu. Fauka ya hayo, ipo hesabu moja ambayo haihitaji shahada: kilo sita au saba za matunda mekundu hutoa takriban kilo moja ya kahawa safi. Kiwanda kikipokea kilo 700,000, kisha kamati ikaja na habari za kilo 70,000, mkulima aliyefundishwa jambo hilo moja tu anajua pa kuuliza: ni mizani, ni matunda mabovu, ni kinu, au ni usiku?

Siku hizi mafunzo hayakosekani. Bodi ya mitihani ya uhasibu, KASNEB, iko tangu mwaka 1969. Chuo cha Serikali cha Kenya kina tawi Embu, ambako maofisa wa kaunti husoma uongozi na usimamizi. Na mjini Nyeri, taasisi iliyoanzishwa kwa harambee mwaka 1972 ndiyo leo Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Warsha za hotelini nazo ni tele, na sitaficha kwamba nyingine naziona kuwa ni posho, chai na cheti cha kutundika ukutani. Mafunzo yenye maana ni yale yanayomweka mwenyekiti mbele ya madaftari ya chama chake mwenyewe, siyo ya chama cha kubuni, akaambiwa: tuonyeshe fedha hizi zilikwenda wapi.

Tangu mwaka 2023 fedha za kahawa zimeanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya mkulima, jambo linalopunguza mikono ya katikati, lakini halipimi matunda wala haliandiki risiti. Kwa hiyo, wewe mwanachama, ujue kwamba sheria ile ya mwaka 1997 inakupa haki ya kusoma, katika ofisi kuu ya chama chako, hesabu za mwaka, kumbukumbu za mikutano mikuu na ripoti za uchunguzi. Nenda ukaziombe kabla ya mkutano mkuu ujao, na ukiwa na kijana wako aliyesomea hesabu, nenda naye.