Shofere mpya wa kamyo: ajali ndogo tuziseme mapema

Tangu mwezi wa 5 hadi wa 10 njia zinakauka, na kamyo zinaingia tena vijijini kuchukua mahindi. Chama chenye kamyo yake hakingoji mfanyabiashara aje kupanga bei. Kinapakia na kupeleka chenyewe Lubumbashi. Ndipo shofere mpya anapokabidhiwa ufunguo. Kamyo ile ni jasho la wanachama wote. Ikilala garaji mwezi mzima, magunia yanabaki depoo, wadudu wanakula.

Tuseme wazi: shofere mpya atagonga kitu. Nguzo, tawi la muembe, ukuta wa depoo. Hasara kubwa si taa iliyopasuka. Hasara ni pale anaporudi jioni na kusema «aina neno, ni kidogo tu», na mambo yanaishia hapo. Chama kimelipa taa, lakini hakikupata fundisho.

Mwaka 1931 Mmarekani mmoja wa kampuni ya bima, Herbert Heinrich, aliandika kwamba kwa kila ajali 1 ya kuumiza sana, kuna 29 za kuumiza kidogo na 300 zisizoumiza mtu. Wataalamu wamebishana sana juu ya hesabu yake. Sisi tunachukua jambo moja tu: mara nyingi ajali ndogo na kubwa zina chanzo kimoja. Mahali ambapo shofere hakuona nguzo leo, kesho anaweza kusimama mtoto.

Tuangalie zile za kila siku.

Kurudi nyuma. Vioo vya pembeni havionyeshi kilicho nyuma kabisa ya kamyo. Msaidizi ashuke, asimame mahali ambapo shofere anamuona kwenye kioo. Akipotea kwenye kioo, shofere asimame palepale. Na mtu mmoja tu ndiye aonyeshe njia. Kumi wakipiga kelele «kuya! kuya!», hakuna anayesikika.

Kona. Magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele, yanakata ndani. Ndiyo sababu nguzo ya lango inagongwa na ubavu, wakati mbele imeshapita salama. Chukua kona kwa upana.

Mzigo. Magunia 100 ya kilo 100 ni tani 10. Yakipangwa juu sana, au upande mmoja, kamyo inalala kwenye mashimo. Baada ya kilometa chache magunia yanatulia na kamba zinalegea: simama, kaza tena. Juu ya magunia asipande mtu, hata kama ni mwanachama.

Mteremko. Weka vitesi vya chini kabla ya kuanza kushuka. Ukikanyaga freni njia yote, zinapata moto na kupoteza nguvu.

Vumbi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kamyo inakula karibu metre 17 kila sekunde. Ukiwa ndani ya vumbi la kamyo nyingine, huoni hata metre 17. Baki nyuma, vumbi litulie.

Usukani wa kulia. Zambia wanapita upande wa kushoto, sisi tunapita kulia. Kamyo nyingi zinazotokea Kasumbalesa zina usukani wa kulia. Kama ya chama chenu ni hivyo, shofere haoni vizuri mbele anapotaka kupita kamyo ya madini. Asiyeona, asipite.

Sasa, shofere atasema kweli namna gani kama kila mkwaruzo unakatwa kwenye mshahara wake? Atanyamaza, na mtu akinyamaza hatufundishiki sisi wote. Tunashauri kamati ziweke sheria mbili. Ajali ndogo iliyosemwa siku ileile haikatwi. Inalipwa na akiba ndogo inayowekwa kando kila safari. Iliyofichwa, au iliyotokea shofere akiwa amekunywa, hiyo inaadhibiwa.

Halafu mununue kaye moja, ibaki ndani ya kamyo. Jioni shofere na msaidizi waandike: tarehe, mahali, kimegongwa nini, shofere alikuwa anaona nini kabla, na safari ijayo watabadilisha nini. Mistari mitano inatosha. Kila mwisho wa mwezi kaye isomwe mbele ya kamati.

Kamati nayo ijiandae kusikia habari zake. Lango likigongwa mara tatu, na mashofere wawili tofauti, kasoro iko kwenye lango: lipanuliwe. Kamba zikikatika kila safari, labda ni sisi tuliosema «ongeza magunia kumi tu». Na kama ajali nyingi zimeandikwa usiku, tujiulize nani alimwambia shofere aondoke depoo saa kumi na mbili jioni.