Moshi wa bodaboda humfikia mtoto kabla ya mzazi

Kabla ya saa moja asubuhi, katika mitaa ya Makanyagio, Kawajense na Nsemulwa mjini Mpanda, bodaboda zinapita zikiwa na watoto wawili, wakati mwingine watatu, wamebanwa mbele na nyuma ya dereva. Wazazi wengi huhofia ajali, na wana haki. Moshi hauzungumzwi sana.

Mtoto wa miaka mitatu anayesubiri usafiri akiwa ameshikwa mkono ana pua iliyo karibu zaidi na bomba la moshi kuliko pua ya mama yake. Pia hupumua haraka zaidi, mara 20 hadi 30 kwa dakika, wakati mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Mapafu yake bado yanakua, na yataendelea kukua hadi ujana wake.

Chembe ndogo za moshi huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Huchochea pumu na huongeza hatari ya nimonia. Kwa mjamzito, huongeza uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

Hata hivyo, yapo yaliyobadilika. Hadi katikati ya miaka ya 2000, petroli ya ukanda huu ilikuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006, kwa hiyo watoto wa leo hawaijui kabisa. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zikapunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500.

Lakini mafuta safi bandarini si lazima yawe safi kwenye tenki. Uchakachuaji, hasa wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake.

Vijijini, mbali na vituo, petroli huuzwa kwenye chupa za maji na vidumu. Hapa hatari huingia ndani ya nyumba, kwani mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Akinywa, asitapishwe na asipewe maziwa. Petroli ikirudi juu huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo huua. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ile ibebwe.

Jenereta nayo isisahaulike. Kwa miaka mingi Katavi ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea mitambo ya dizeli, na familia na maduka yakazoea jenereta ndogo. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua waliolala. Kuacha mlango wazi hakutoshi. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha.

Gesi asilia ya magari, inayotoka Songo Songo na Mtwara, imeshika kasi Dar es Salaam. Mpanda iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, na kumwambia mzazi wa Katavi aisubiri ni kumcheka. Pikipiki na bajaji za umeme zina nafasi zaidi, kwani hazitoi moshi mtaani. Faida yake kamili, hata hivyo, hupatikana umeme ukitoka kwenye maji au jua. Ukitoka kwenye jenereta ya dizeli, moshi umehamishwa tu.

Kwa sasa, mzazi anaweza kuanza na bodaboda anayoikodi kila siku. Moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili, mara nyingi kwa sababu ringi zimechakaa. Moshi mweusi maana yake petroli haiungui vizuri, na kiangazi, vumbi la Mpanda likijaa kwenye chujio la hewa, hali hiyo huja haraka. Kusafisha chujio ni kazi ya dakika chache kwa fundi, na dereva naye anaokoa mafuta. Abiria wa kila siku ana nguvu ya kumwambia.