Jiko la Kuni Lataka Hewa ya Nje

Msomaji wa Urambo anauliza: jiko lake la kuni lina dohani nzuri, mbona mvua ikinyesha na mlango ukifungwa moshi unarudi jikoni? Swali limekuja wakati wake. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie nishati hiyo ifikapo 2034. Hadi hapo, kuni za miombo zitaendelea kuwaka Tabora, na zinaweza kuwaka vizuri zaidi.

Tumezoea kusema dohani inavuta. Mimi nitasema msukumo wa dohani, maana kazi inafanywa na hewa baridi ya nje. Chukua mizani ya vitanga viwili. Kitanga kimoja kibebe nguzo ya hewa ya nje, yenye kimo cha dohani; cha pili kibebe hewa ya moto iliyomo dohanini. Hewa ikipata moto hutanuka, ikawa nyepesi. Basi kitanga cha nje kinashuka, cha dohani kinapanda, moshi unatoka. Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu: dohani ya mita 3 yenye moshi wa nyuzijoto 150 hupata takriban uzito wa maji ya kina cha milimita moja tu. Na Tabora, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo msukumo unapungua tena. Sasa funga mlango: umekishika kwa mkono kitanga kizito. Uzito upo, lakini hakishuki, na mwenzake hapandi. Moto nao unadai haki yake, karibu kilo 6 za hewa kwa kila kilo ya kuni kavu.

Nyumba za tembe za njia ya misafara, kama ile ya Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872, zilikuwa na kuta nene, lakini zilizunguka ua ulio wazi. Nyumba nyingi za leo hazina ua huo, hivyo mlango ukifungwa moto unakosa hewa.

Dawa ni kuuondoa mkono: bomba lipite ukutani kutoka nje, lifungukie chini ya kuni. Wakulima wa tumbaku wanayajua haya. Mdomo wa tanuri la bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, uko nje. Moto unakula hewa ya nje, moshi unapita ndani ya mabomba, majani yanapata joto tu. Dirisha lisizibwe, na jiko la mkaa lisilo na dohani halisaidiki kwa bomba.

Fundi akiitwa kujenga dohani, bei yake ihesabu matundu mawili: la moshi na la hewa.