Maneno ya siri yaliyowagharimu wanahisa wa Equifax

HISA za kampuni ya Equifax zilifungwa kwa karibu dola 143 katika soko la New York Septemba 7, 2017. Kufikia Septemba 15 zilikuwa zimeporomoka hadi karibu dola 93. Thamani ya hisa 100 ilipungua kwa dola 5,000 hivi katika siku nane.

Kampuni hiyo ya Marekani hutunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Septemba 7, baada ya soko kufungwa, ilitangaza kuwa wezi wa kompyuta wamechukua taarifa za watu wapatao milioni 143. Baadaye hesabu hiyo ilifika milioni 147.

Wezi waliingia Mei 13 kupitia kasoro ya Apache Struts, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Marekebisho yake yalikuwa yametolewa tangu Machi, lakini hayakuwekwa katika tovuti ambayo wateja walitumia kulalamikia kumbukumbu zao.

Hata hivyo, si kasoro hiyo pekee iliyokuza hasara. Ripoti ya kamati ya Bunge la Marekani ya Desemba 2018 ilieleza kuwa wezi hao walikuta faili lenye majina ya watumiaji na maneno ya siri, yote yakisomeka wazi. Kwa hayo walifungua hifadhi nyingine 48 za data zisizohusiana na tovuti hiyo.

Hatari hii inaikabili kila kampuni inayotumia Java. Programu za Java kwa kawaida huunganishwa na hifadhi ya data kwa njia ya JDBC, iliyoletwa na Sun Microsystems mwaka 1997. Programu hutoa anwani ya hifadhi, jina la mtumiaji na neno la siri. Vikilingana, hifadhi hufunguka. Mwizi mwenye jina na neno sahihi hupokewa sawa na mfanyakazi halali.

Zaidi ya hayo, mara nyingi programu nzima hutumia jina moja. Makarani 100 wanaweza kuwa kazini, lakini hifadhi ikaona mtumiaji mmoja tu. Jina hilo likiruhusiwa kusoma kila kitu, atakayelinasa naye atasoma kila kitu.

Kinga zipo. Neno la siri lisiandikwe ndani ya programu wala katika faili la wazi, bali litunzwe mahali palipofungwa na kubadilishwa mara kwa mara. Kila programu ipewe jina lake, lenye ruhusa ya kazi yake tu. Pia hifadhi nyingi za data hukubali utambulisho wa vyeti au wa Kerberos, ambao hauhitaji programu kutuma neno la siri.

Gharama ya uzembe ni kubwa kuliko ya kinga. Julai 2019 Equifax ilikubali kulipa angalau dola milioni 575 kumaliza madai. Bei ya hisa ilipanda tena, na mwaka 2020 ilivuka ile ya kabla ya tangazo, lakini waliouza kwa hofu Septemba ile walibaki na hasara yao.

Mwekezaji mdogo hana haja ya kujua Java. Katika mkutano mkuu wa mwaka aulize maswali mawili: maneno ya siri ya hifadhi za data yanatunzwa wapi, na yalibadilishwa lini? Wakurugenzi wakibabaika kujibu, afikirie upya kabla ya kuongeza hisa.